Marehemu Aliyepewa Ukoo Wangu

Getafe, Uhispania
17 Februari 2002

Nohelia mke wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, langoni pa jengo ambalo bado halina madirisha. Nimevaa makoti mawili na kofia ya sufu ya marehemu baba wa mwenye nyumba wangu. Ungeniona ungecheka mpaka ushike mbavu. Mumeo Eliécer Mazo, kinyozi tangu ujana, mtu aliyezimia siku alipomkata mteja ncha ya sikio, amefanywa mlinzi!

Sikuomba. Mnyapara wetu, Evaristo, aliniita Ijumaa moja akaniuliza, “Wewe ni Mkolombia, au sivyo?” Nikamwambia ndivyo, kama vile naungama. “Basi kila Jumamosi na Jumapili utakaa langoni. Usifanye lolote. Wezi wakija, waambie tu umetoka wapi.” Na huwezi kuamini, tangu nikae hapa hakuna aliyeiba hata msumari. Vijana wa zege wakinipita asubuhi wanagusa pua na kuvuta pumzi, fyuuu, kama wanaovuta unga, kisha wanauliza nimewaletea nini kutoka nyumbani. Wananiita Bosi. Mmoja aliniuliza wakati wa chakula nimeshaua wangapi. Nikamjibu, “Kwa wembe au kwa mazungumzo?” Akahama meza. Hapo nikaelewa kuwa mizaha yangu haikuvuka bahari salama.

Sasa nina swali dogo. Rafiki yetu Tulio ameniandikia. Katikati ya habari za goti lake na bei ya samaki, ameniambia kwamba kila Jumatatu unavaa lile gauni la kijani, unachukua maua mekundu na glasi, unakwenda makaburini kwa mwanamume anayeitwa Gildardo.

Mimi sina wivu, unanijua. Nauliza tu ili nisipitwe na habari za mjini. Gildardo ni nani? Na gauni la kijani mbona hukulivaa siku uliponisindikiza kwenye basi?

Wako, asiye na wivu hata chembe,
Eliécer


Puerto Berrío
11 Machi 2002

Mzee wangu,

Tulio ana mdomo mpana kuliko mto Magdalena. Mwambie ashughulike na goti lake.

Gildardo amekufa. Haya, pumua.

Zimamoto walimtoa majini mwezi wa kumi, karibu na nguzo ya daraja, ana tundu la risasi, hana viatu wala kitambulisho. Unajua wanavyokuja. Mvua ikinyesha huko juu, mto unawashusha pamoja na magogo, na sisi wa hapa kwenye kona ya mto ndio tunaopokea. Wakamtia kwenye ukuta wa wasio na majina, wakaandika N.N. kwa kidole kwenye saruji mbichi. Nilikuwa nimekwenda kusafisha kaburi la mama. Nikaona wenzake wote wa ukuta ule wameshapata watu wao, wamepakwa rangi, wana maua. Mke wa mwenye duka la dawa amechagua wawili peke yake, mlafi yule. Huyu alikuwa amebaki kona ya chini, pale mchimba kaburi anapoegemeza ufagio. Nikamhurumia. Nikapiga hodi kwa kifundo cha kidole, nikasema, “Mimi ni Nohelia. Nyumbani kwangu hamna mtu, na wewe hamna anayekujia. Tusaidiane.” Nikamwekea glasi ya maji, maana waliotoka mtoni ndio wenye kiu kuliko wote, ajabu hiyo.

Niliomba jambo moja tu. Nilisema, “Eliécer ana mgongo mbovu. Mtafutie kazi ya kukaa.”

Sasa isome tena barua yako. Umekaa juu ya nini?

Kwa hiyo nami nimetimiza yangu. Nimelipaka kaburi rangi ya samawati, nikaandika juu AMECHAGULIWA, na chini yake jina kamili: Gildardo Mazo. Ndivyo tunavyofanya sote hapa, akikujibu unampa ukoo, hujasahau. Ungetaka nimpe ukoo gani, wa jirani? Jina la kwanza lilikuja lenyewe.

Gauni la kijani lina mikono mirefu, na makaburini kuna mbu. Nina mume aliyeko Ulaya anayemwonea wivu mtu aliyejengewa ukutani. Nikiwasimulia wenzangu sokoni, nani ataniamini?

Funga koti. Kula.
Nohelia


Getafe
2 Aprili 2002

Nohelia,

Barua yako niliisoma mara nyingi, na kila mara naishia palepale: “jina la kwanza lilikuja lenyewe.” Majina hayaji yenyewe, mama. Majina yana miguu na yana walikotoka.

Mimi namkumbuka Gildardo mmoja tu. Dereva wa lori la barafu, mwenye meno mazuri. Siku za joto alikuwa anasimamisha lori mbele ya nyumba ya baba yako, anakukatia kipande cha barafu, anakifunga kwa kitambaa. Kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohana mlicheza nyimbo tatu mfululizo, mimi nimeshika sahani ya nyama ya nguruwe kama mhudumu. Mwanamume wa kukuletea barafu katika mji ule wa jua kali! Mimi nilikuletea nini? Mafuta ya nywele. Miaka yote hii nilidhani nilimshinda. Kumbe alikuwa ameegesha lori tu.

Lakini tuache hilo, nimeshasema sina wivu. Tuzungumzie ukoo. Wa Mazo hatuko wengi, na sifa yetu ni moja: tunafia kitandani. Babu alikufa usingizini, baba alikufa akila maharage. Huku nimetumia miezi mingi kuwaambia watu kwamba katika ukoo wangu hakuna aliyeua wala aliyeuawa. Naapa mpaka koo linakauka, nao wanakonyezana. Sasa wewe unaniletea mmoja mwenye risasi mwilini, unamwandika Mazo kwa herufi kubwa, na hata hujui alikuwa wa upande upi. Je, kama alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiwatupa wenzake, kabla na yeye hajatupwa? Mimi niliwanyoa wale. Walikuwa na shingo kama zetu.

Mbakishie maua. Mbakishie na maji. Ila jina langu lifute.

Eliécer


Getafe
6 Mei 2002

Tulio, ndugu yangu,

Ulisimamia ndoa yangu, na kazi ya msimamizi haiishi kwa kula keki.

Nilimwandikia Nohelia afute jina la Mazo pale ukutani. Amenijibu kwa mstari mmoja: “Njoo ulifute mwenyewe.” Hakuuliza hata kama nimekula. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini wewe uko karibu na una mikono miwili. Chukua kopo la rangi nyeupe, nenda siku ambayo si Jumatatu, na ufute neno moja tu, la ukoo. Hilo la Gildardo liache, asije akasema nina wivu.

Usinihubirie. Najua ninavyoonekana. Mtu wa makamo, upara unang’aa, amekaa juu ya ndoo ugenini, anapigania mke na maiti. Lakini kila nikifumba macho nawaona Jumatatu, yeye amevaa kijani, anapiga hodi kwenye ukuta kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama alivyokuwa akigonga mlango mwekundu wa kibanda changu cha kinyozi wakati wa kufunga ili twende nyumbani. Anamwambia mambo ya siku nzima. Mimi ananiandikia “funga koti.”

Fanya hivyo, nami nitakuletea viatu vya ngozi ya Kihispania.

Rafiki yako,
Eliécer


Puerto Berrío
28 Mei 2002

Eliécer,

Nimefanya, na laiti nisingefanya. Viatu vyako kaa navyo.

Nilikwenda Alhamisi mchana, jua la kuwafukuza hata mbwa. Nilipiga hodi kwanza, nikamwambia marehemu, “Bwana, si mimi, ni Eliécer, yule kinyozi.” Unisamehe, lakini nilitaka ajue pa kwenda akikasirika. Brashi niliyoazima ilikuwa pana, ya kupakia kuta za nyumba. Nilipofuta Mazo, nusu ya Gildardo ikaondoka nayo. Likabaki “Gil”, limening’inia kama jino bovu. Nikaona aibu, nikapaka ukuta wake wote. Ukawa mweupe, msafi, unapendeza. Nikaondoka.

Sasa wewe umekaa Ulaya mpaka umesahau desturi, na mimi niliyeko hapa sijui nilikuwa nafikiria nini. Kaburi jeupe lisilo na jina ni la nani? Ni la atakayetangulia! Bi Ofelia, yule muuza tiketi za bahati nasibu, marehemu aliyemchagua alikuwa amechukuliwa mwezi uliopita na ndugu zake waliojitokeza kutoka Segovia ya huku kwetu, akawa anazunguka makaburini kama aliyefiwa na mume mara ya pili. Jumatatu alfajiri akaona lile jeupe. Mkeo alipofika na maua yake, alikuta kaburi la rangi ya waridi, AMECHAGULIWA, Evelio Cardona, na Ofelia mwenyewe ameketi mbele yake kwenye kigoda anamsomea namba zilizoshinda.

Nilikuwepo, nimejificha nyuma ya malaika wa saruji. Nilisikia kila kitu.

“Bi Ofelia, huyo ni wangu.”

“Wako? Wako ulimwandika wapi?”

“Chini ya hiyo rangi yako ya peremende.”

“Chini ya rangi yangu kuna nyeupe, bibie. Nyeupe maana yake umemwacha. Wafu si viti vya basi, uweke leso kisha uende zako.”

“Mimi sijamwacha mtu! Nimekuja kila Jumatatu!”

“Basi muulize mwenye brashi.”

Nohelia akapitisha ukucha pembeni, rangi ya waridi ikabanduka, ikaja nyeupe, ikaja samawati. Akaitazama ile samawati muda mrefu. Kisha akageuka. Eliécer, nywele zangu zilikuwa na madoa meupe tangu Alhamisi. Aliniona.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Tulio


Puerto Berrío
10 Juni 2002

Eliécer,

Dereva wa barafu aliitwa Gilberto.

Gildardo ni jina nililoliweka mwaka ule tulipopaka rangi chumba kidogo. Wewe ulipaka, samawati, ukaacha tone kwenye kioo. Halafu mtoto hakuja, na wa pili hakuja, chumba ukakifanya stoo ya viti vya kinyozi, na hukuniuliza kamwe kama nilikuwa nimechagua jina. Nilikuwa nimechagua. Nililikalia kimya miaka ishirini na kitu, kwa sababu sikuwa na wa kumpa. Mto ukaniletea mtu ambaye naye alikuwa na ukoo wa watu mahali fulani, ukafutwa. Nikampa huo wetu uliokuwa umekaa bure.

Uliuliza alikuwa wa upande upi. Alikuwa wa upande wa wasio na viatu.

Walimfuta mara ya kwanza kwa bunduki. Mara ya pili kwa brashi.

Usiniandikie. Usinitumie salamu kwa Tulio. Mpaka yeye awe na jina lake, mimi sina mume safarini.

Nohelia


Getafe
4 Agosti 2002

Kwa Gildardo Mazo,
ukutani, kona ya chini, mahali pa ufagio

Bwana Gildardo,

Tulio atakusomea barua hii. Anasoma polepole na anatema mate, usikasirike. Najua sasa umeandikwa Evelio Cardona, lakini nakuita jina alilokupa mke wangu, na la pili ambalo sasa nakupa mimi.

Mimi ni yule aliyekufuta. Nimemwandikia Nohelia barua nne, zote zimerudi, hazijafunguliwa. Kwa hiyo nakuandikia wewe, maana nasikia unasikiliza.

Nilikuonea wivu, na bado nakuonea. Sitakudanganya, wewe mtu mzima. Una vitu ambavyo ni vyangu. Una Jumatatu zake. Una sauti yake. Anakuletea maji, na mimi hapa nakunywa kutoka kwenye bomba la kiwanja. Hata kazi hii niliyo nayo, ndoo hii niliyokalia, uliniombea wewe. Umewahi kusikia mwanamume anayelishwa na hasimu wake? Ndiye mimi. Nikipokea mshahara natamani kukurudishia, ila sijui pa kuutuma.

Nataka nikusimulie jambo la huku. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili langoni. Walitaka nyaya za shaba. Mmoja alikuwa na nondo mkononi. Nilisimama, nikasema sentensi pekee niliyofundishwa: “Mimi ni Mkolombia.” Wakatazamana. Wakaondoka, mmoja akaomba radhi. Evaristo alicheka mpaka akakaa chini, akanipiga mgongo, wote wakaja kunipongeza. Fyuuu, fyuuu, Bosi.

Mimi nikaenda nyuma ya mashine ya zege, nikatapika.

Kwa sababu nilijua nimetumia nini. Wale vijana waliponitazama walimwona aliyekutupa mtoni. Huku wote wananiangalia wanamwona yeye. Kwenye televisheni yao ni yeye, kwenye mizaha yao ni yeye, ana saa ya dhahabu na masharubu, na wanampenda kidogo, nakuambia kweli, wanamwogopa kwa raha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama akakuona wewe. Hakuna anayejua kwamba kwetu kwa kila mmoja wa wale kuna wengi wasio na viatu, na wanawake wenye kopo la rangi. Na mimi nimekaa hapa miezi yote nikijikodisha kwa uso wa muuaji wako, huku namwandikia mke wangu asije akalichafua jina langu kwa kukupa.

Unaona basi nani alikuwa analichafua.

Mimi si mtu wa kuomba wafu. Mama yangu aliomba, mimi nilinyoa. Lakini kama bado unafanya kazi, na kama Bi Ofelia hajakumaliza kwa namba zake, niombee kitu kimoja: Nohelia afungue barua. Si lazima anisamehe. Afungue tu.

Ni mimi, ndugu yako kwa kalamu,
Eliécer Mazo


Puerto Berrío
9 Septemba 2002

Bwana Eliécer Mazo,

Mimi ni Ofelia Cardona, muuza bahati nasibu. Ulimnyoa mume wangu kwa miaka, na siku ya mazishi yake ulikuja kumnyoa bure. Kwa hiyo nakuandikia kwa adabu, ingawa unastahili kofi.

Jumatatu moja nilimkuta yule rafiki yako wa goti bovu ameinama mbele ya Evelio wangu anasoma karatasi, machozi na kamasi vinashindana. Nikataka kumfukuza kwa ufagio. Kisha nikasikia maneno “ndoo niliyokalia” nikasema, hebu nisikie mjinga huyu ni nani. Nikasimama mpaka mwisho. Nikamwambia asome tena.

Sasa nisikilize. Simrudishi. Binti yangu alijifungua mwezi wa saba, mtoto amekaa vibaya tumboni, daktari anakuna kichwa. Nilimpigia hodi Evelio, na kabla ya adhuhuri mjukuu wangu alikuwa analia kama king’ora. Unadhani nitamwachia mtu kama huyo kwa sababu ya barua nzuri? Nyumbani kwetu sasa tuna deni naye.

Lakini mkeo naye haachi. Kila Jumatatu anakuja, mimi niko kulia, yeye kushoto, hatusemezani. Mimi naweka glasi, yeye anaweka glasi. Mimi naweka maua, yeye anaweka makubwa zaidi. Nikipiga hodi mara tatu, yeye anapiga nne. Sidhani kama alipokuwa hai mtu huyu alitunzwa hivi. Nakuambia ukweli, Bwana Eliécer, namwonea wivu mkeo. Mimi namwomba Evelio mambo. Yeye anamsimulia tu, kama mtu anayezungumza na mwanawe aliyerudi kutoka shule.

Tatizo ni hili. Mwezi wa kumi na moja wanafungua ile safu ya chini, inaingia maji. Wenye ndugu watahamishiwa kwenye visanduku vya juu. Wasio na ndugu watatiwa kwenye shimo la pamoja, na huko, bwana, hata malaika hawezi kuwatenganisha. Tulikwenda wote wawili kwa mchimba kaburi. Akatutazama, akasema, “Mtu mmoja, wanawake wawili, koo mbili. Mimi siingii humo. Nileteeni mwanamume mmoja wa ukoo aje ambebe na kumwandika, au naye aende shimoni.”

Nikamwambia Nohelia, “Si una mume?”

Akasema, “Sina.”

Nikamwambia, “Unaye. Yuko Ulaya, amekalia ndoo, anatapika.”

Akageuka kuondoka. Lakini niliitoa ile barua kifuani, maana nilikuwa nimempokonya Tulio, nikamwekea kwenye kapu la maua. Jumatatu iliyofuata alikuja macho mekundu, akanisogezea kigoda. Maneno yake yalikuwa haya: “Bi Ofelia, kaa, utachoka.”

Asiyekuwepo na lake halipo. Utajua mwenyewe.

Ofelia Cardona


Puerto Berrío
24 Novemba 2002

Kwako Evaristo,

Ulikuta kofia ya chuma juu ya ndoo na lango limefungwa, ukasema, nadhani, “Tumwache, mambo ya Wakolombia hayo.” Wangapi wamekuambia nimekimbia polisi? Wangapi wamesema nimeitwa na wakubwa wangu wa unga? Natumaini walau mmoja alisema mzigo ulipotea na nimeuawa. Ningependa kujua alilia nani.

Nilikuja kubeba mifupa. Nakuandikia kwa sababu uliniuliza mara nyingi habari za kwetu, nami kila mara nilikujibu kwa mzaha, na wewe ni mtu mwema uliyenipa koti lako. Najua visa yenu mpya haitaniruhusu kurudi. Sikuondoka kwa kuwachukia.

Ukoo wangu umepata mtu ambaye hatumjui. Alitoka mtoni. Mke wangu alimpokea, mimi nikamfukuza kwa wivu, mwanamke mwingine akampokea, na ilibidi nije mimi niliyemfukuza nimtoe ukutani. Mchimba kaburi alivunja saruji. Mimi, uliyenifanya mlinzi, nilikuwa namshika Tulio mkono, na sijui nani alikuwa anamzuia mwenzake asianguke. Ndani palikuwa na mtu mdogo. Nilikuwa nimemfikiria mrefu, mwenye meno mazuri. Alikuwa mdogo, Evaristo, sidhani kama alifika ishirini. Kwenye fuvu palionekana risasi ilipopita. Bi Ofelia akanyoosha kidole, akapafuta vumbi, kama unavyomfuta mtoto uso kabla ya misa.

Nilizimia kidogo, nikiri. Walipogeuka nilikuwa nimeketi tayari.

Kisha nikambeba. Mke wangu alikuwa mbele, amevaa gauni lake la kijani. Tangu nishuke kwenye basi alikuwa amenisemesha maneno mawili: “Umekonda” na “Shika vizuri.” Njiani alikuwa anageuka kila hatua, na kila akigeuka alitazama kile nilichobeba, si mimi. Nilikuwa na wivu, nisikufiche. Nilikuwa na wivu wa kupasuka, huku nimemkumbatia kifuani kwangu asitikisike.

Ugomvi ukazuka kwenye kisanduku, na ugomvi wa nini? Wa jina. Ofelia anataka Evelio, ana mjukuu wa kushuhudia. Nohelia anataka Gildardo. Mchimba kaburi anasema ataenda kula. Wakanigeukia mimi, mwanamume wa ukoo. Mara ya kwanza maishani watu wananisubiri niseme kitu, na hakuna wa kumnyoa.

Nikachukua brashi nikaandika: Gildardo Evelio Mazo Cardona. Lakini sikuanzia mwanzo wa ubao. Niliacha nafasi mbele.

Nohelia akauliza, “Na hapo?”

Nikamwambia, “Hapo ni pa mama yake. Siku akija atuandikie jina lenyewe.”

Nohelia akauweka mkono kwenye ile nafasi, akaipima kwa vidole, akarudia kuipima. Kisha akanitazama, mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu niondoke mwezi wa pili wa mwaka jana.

“Eliécer,” akasema, “umebana. Jina la mtu usiyemjua huwezi kujua urefu wake. Futa, uandike upya, usogeze.”

Nimefuta mara tatu. Bado anasema haitoshi.

Rafiki yako,
Eliécer Mazo